SSDI au SSI: ndugu yako wa Marekani aombe ipi?

Huku Mbeya wengi tuna ndugu Marekani, na mmoja akipata ulemavu, swali kwenye grupu la ukoo huwa: hela ya kodi aliyorudishiwa na serikali haitamponza akiomba SSDI au SSI, zile fedha za kila mwezi ambazo serikali ya Marekani huwalipa wenye ulemavu? Haimponzi.

SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa michango ya hifadhi ya jamii. Haiulizi una kiasi gani benki, inatazama mapato ya kazi tu: mwaka 2025, asiye kipofu akizidisha dola 1,620 kwa mwezi, ombi lilikwama.

SSI ndiyo yenye macho. Ni ya mwenye kipato kidogo, hata asiyewahi kuajiriwa, na mali yake isizidi dola 2,000; nyumba anayoishi na gari moja wanamwachia. Marejesho ya kodi ya serikali kuu si kipato, na yakikaa benki hayahesabiwi kuwa mali kwa miezi 12. Lakini shamba la chai Tukuyu lenye jina lake, linaloweza kuuzwa, linahesabiwa. Hela mnazomchangia pia (mnaotuma kwa siri, mnasikia?). Akija kusalimia akapitisha siku 30, SSI inasimama, wakati raia mwenye SSDI huendelea kulipwa hata akiwa Kyela.

Mwenye michango ya kutosha, mimi namwambia aanze na SSDI. Ikitoka ndogo mno, SSI inaweza kujazia.