Kibanda cha mbao za mitumbwi Kayenze: fundi namkubali, bati lake hapana

Watu wakiona picha wananiuliza nani kakujengea na shilingi ngapi, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Jina la fundi sitaji maana kuna mahali nitamsema.

Kiko Kayenze, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwenye shamba la mzee, katikati ya mikaratusi na mawe. Chumba kimoja futi 12 kwa 16 na baraza. Hatukumwaga msingi wote, nguzo nne zimekaa juu ya jiwe lenyewe na zege kidogo tu, nikaokoa simenti nyingi sana.

Sasa mbao. Kuta zote ni mitumbwi iliyokufa, fundi kainunua kwa wavuvi ambao wangeishia kuipasua kuni. Mimi nilitaka paini mpya, akaniambia "dada, hiyo ukipigilia leo mwezi ujao imejikunja kama chapati, ya mtumbwi imeshachoka kujikunja." Na kweli, miezi saba sasa hakuna ubao uliopinda. Ukisogea karibu unaona matundu ya misumari yameacha alama nyeusi na kwenye maungio bado kuna vipamba walivyoziba maji yasiingie. Ubao wa juu ya kitanda umebaki na maandishi ya rangi ya bluu, USIKATE TA, halafu msumeno ukapita hapohapo. Wageni wote wanacheka.

Ila msidanganyike kwamba vitu chakavu ni rahisi. Mbao zilikuwa bei chee, hela ikaliwa na ufundi, vijana wawili siku tano nzima kazi ni kung'oa misumari tu, na ule waliousahau ukala kisu cha randa afu nikaletewa bili ya kisu kipya. Jumla imenitoka milioni 6 na laki 4 pamoja na mlango na madirisha ya nyumba iliyobomolewa mjini (mlango mzito huo, bawaba tatu, hata ukiupiga teke unaumia wewe).

Harufu pia hawakuniambia. Jua la alasiri likipiga ukuta wa magharibi chumba kizima kinanuka dagaa, nimesugua na sabuni ya unga na limao mara tatu ndo imepungua, paka wa jirani bado anakuja kuchungulia.

Kitu nilichompendea ni hiki, nilitaka baraza liguse maji kabisa akakataa katakata, akasema sheria ni mita 60 toka ufukweni na hata bila sheria, 2020 ziwa lilipopanda si tuliona wenyewe vibanda vilivyoingia majini? Nilinuna, saivi namshukuru. Chini kapaka oili chafu kwa ajili ya mchwa na kila nguzo kaivalisha kipande cha bati ili ukiona udongo umepanda ujue wameanza.

Lawama sasa. Aliahidi wiki nne, ikawa kumi, simu inaita haipokelewi, mara kafiwa, mara yuko Sengerema, hadi vuli ikatukuta kenchi ziko wazi. Kubwa zaidi ni paa. Alinishawishi tuweke mabati ya zamani yaliyoshika kutu ili "yaendane," kwenye picha yanapendeza kweli, lakini bati la zamani lina matundu ya misumari ya mwenye nyumba wa kwanza, akaziba na lami, jua likaiyeyusha, mvua ya kwanza nililala nimehamisha godoro mara mbili na sufuria tatu sakafuni. Kwa hiyo ukimpa kazi mwachie kila kitu, ukuta, mlango, hata meza katengeneza nzuri kwa mbavu za mtumbwi, ila bati nunua jipya mwenyewe dukani.

Langu nimeshanunua, geji 28, kasema Jumamosi saa mbili asubuhi yupo. Mimi nimepanga chai ya saa kumi jioni.