Rameni ya Chumbageni: kula kwanza, soga baadaye

Haya jamani, bakuli limeshatua mezani, kwa hiyo salamu za leo ni fupi. Asalaam alaykum, hamjambo, karibuni Tanga. Nitaongea huku nakula, na mtanisamehe nikizungumza na tambi mdomoni. Chakula hiki hakimsubiri mtu.

Tuko Chumbageni, kwenye mgahawa mdogo wa rameni, ile supu ya tambi ya Kijapani, ambao watu wa mtaani wanauita kwa Mjapani. Mpishi si Mjapani, ni kijana wa hapahapa Tanga aliyepikia hoteli za Dar kabla ya kurudi nyumbani. Ameniomba nisimtaje jina, na mimi nimekubali. Ndani kuna meza chache, benchi refu linalotazama jiko, pazia la buluu mlangoni, na feni mbili, moja inazunguka inapojisikia. Nimekula hapa mchana wa jua kali, nimekula usiku, nimekuja peke yangu na nimekuja na wanangu. Kwa hiyo ninayowaambia leo hayakutoka kwenye bakuli moja.

Mwanangu, sogeza kamera. Hapo hapo. Mnaona rangi ya supu? Nyeupe, nzito, juu inang'aa. Dada aliyekaa meza ya pembeni ameniapia kwamba humo mna tui la nazi, na mtu wa Tanga akisema hivyo huwezi kumlaumu. Hamna tui, hamna maziwa. Ni kuku tu. Mifupa, migongo na miguu, inachemshwa saa nyingi kwa moto mkali. Siyo ule moto wa taratibu wa supu yetu ya asubuhi, ambao unakuachia maji angavu na mafuta yanaelea. Hapa sufuria inatokota kwelikweli mpaka ngozi na kano zinayeyuka, ule ute wake unashika mafuta na maji pamoja, na supu inageuka nyeupe. Japani wanaiita tori paitan. Ile ya Fukuoka inayosifiwa duniani, tonkotsu, inapikwa kwa njia hiyohiyo, ila mifupa yake ni ya nguruwe.

Na najua mnachotaka kuniuliza. Hapa nguruwe hamna. Nimeingia jikoni, nimefunua sufuria, nimeangalia na friji. Pombe pia hamna. Wapishi wa Japani hutumia sana sake, pombe ya mchele, na mirin, ndugu yake mtamu, na zote mbili zina kileo. Kijana amezitupa, anatumia sukari na siki kidogo. Anayejua mirin ataona utamu umepungua kina. Mimi sikosi usingizi kwa hilo.

Onjo la kwanza: mafuta ya kuku, tangawizi, kitunguu saumu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kidogo. Midomo inaanza kunata. Mkiona midomo inanata mjue supu haikupikwa kwa kidonge cha dukani.

Halafu inakuja chumvi. Hapa nisikilizeni vizuri, itawasaidia. Supu ya rameni ikiwa kwenye sufuria haina chumvi, au inayo kidogo sana. Chumvi inakaa kwenye kiungo kinachoitwa tare, kinachotiwa chini ya bakuli kabla supu haijamiminwa. Tare ya soya sosi inakupa rameni ya shoyu. Tare ya chumvi inakupa shio. Ya miso, yaani soya iliyochachushwa, ndiyo iliyoupa mji wa Sapporo sifa ya rameni. Kwa hiyo bakuli likikushinda kwa chumvi, usianze kugombana kuhusu sufuria. Mwambie mpishi mapema, kaka, nipunguzie tare. Huyu ana mkono mzito. Mimi siku hizi naagiza nusu, na ladha ya kuku ndiyo kwanza inasikika.

Sasa tambi. Hapa nina ugomvi nao.

Tambi za rameni ni za ngano, lakini hazikandwi kwa maji matupu. Unga unatiwa maji yenye kansui, ambayo ni madini ya jamii ya magadi. Ndiyo, magadi, yale mama zetu wanayotia kwenye maharage magumu. Kansui ndiyo inayoipa tambi umanjano hata kama hamna yai ndani yake, na ndiyo inayoifanya ivutike na kurudi ukiitafuna. Kijana wetu haagizi kansui. Anachukua baking soda ya dukani, anaioka kwenye oveni mpaka inageuka kuwa kali zaidi, ndiyo anayokandia. Ujanja huo ni halali kabisa, wapishi wengi wanautumia.

Tatizo ni unga. Unga unaopatikana kirahisi madukani kwetu ni wa chapati na maandazi, laini, hauna nguvu ya kutosha. Tena anakata tambi kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na Tanga hii unyevu wa bahari hauna adabu. Matokeo yake, bakuli la mchana lilikuja na tambi nzuri, zina ukinzani, nikafurahi. Nikarudi usiku wa mvua, tambi zimelegea kama kanga iliyoanikwa nje ukungu ukaipiga. Bakuli lilelile, bei ileile. Mteja anayelipa hatakiwi kubahatisha hali ya hewa. Nilimwambia, hakubisha, alisema anatafuta unga wa mkate wenye nguvu zaidi. Autafute haraka.

Bei, kwa kuwa nimeigusa. Bakuli la kuku ni shilingi 12,000. La dagaa 10,000. Yai la ziada 1,500, tambi za kuongezea 2,500. Kwa mama ntilie hela hiyo ya kuku unakula pilau wewe na mwenzako na mnabakiwa na ya nauli. Na rameni haikuanza kama chakula cha wenye nacho. Tambi zenyewe zina asili ya China. Mwaka 1910 ulifunguliwa mgahawa ulioitwa Rairaiken pale Asakusa, Tokyo, wapishi wake Wachina waliotoka Yokohama, na waliojaza viti ni watu wa kawaida wa mjini. Hata tambi za pakiti ambazo watoto wetu wanapika wenyewe tukitoka kidogo, Momofuku Ando alizitoa mwaka 1958 Japani ili mtu apate mlo wa haraka kwa maji ya moto. Kwa hiyo napenda huyu kijana atafute namna ya kuwa na bakuli dogo la elfu sita au saba. Wanafunzi wanapita hapo nje wanatazama pazia tu.

Nawarudisha kwenye ile haraka niliyoanza nayo, maana ndiyo inayoamua kama utaondoka hapa unasifia au unalalamika.

Jioni moja alikaa kwenye hilo benchi mzee wa baraza la jirani. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, bakuli lake likaletwa. Akaanza kunisimulia ubingwa wa timu yetu ya soka, Coastal Union, wa mwaka 1988. Mnawajua wazee wetu wa Tanga, ubingwa ule hausimuliwi kwa dakika tano. Anasimulia, ananyanyua kijiko, anakirudisha, anasimulia. Mimi namsikiliza kwa heshima huku jicho langu liko kwenye bakuli lake. Alipokuja kuangalia, supu imeshuka nusu, tambi zimevimba zimejaa. Akamwita dada wa mezani: "Binti, mbona mmenipunja supu?"

Hawakumpunja. Tambi ndizo zilizoinywa. Tambi hizi zinachemshwa dakika moja au mbili tu, zinatolewa zikiwa bado na ugumu wa ndani, na zinaendelea kuiva ndani ya bakuli mbele yako. Huko Fukuoka wanazipenda nyembamba na ngumu, kwa hiyo wanakupa kiasi kidogo, ukimaliza unaagiza tambi nyingine zinatumbukizwa kwenye supu iliyobaki. Kaedama, ndiyo hiyo ya 2,500 hapa. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye njaa: usiagize bakuli kubwa, agiza la kawaida, kula upesi, ongeza.

Lakini nani alimwambia mzee? Hakuna. Dada aliweka bakuli, akasema karibu, akaondoka. Hapo lawama siwezi kumpa mzee. Sisi mlo kwetu ni mazungumzo. Biriani linasubiri, wali wa nazi unasubiri, hata mchuzi wa samaki ukipoa unapendeza zaidi. Umeleta chakula kisichosubiri kwenye mji wa watu wasio na haraka, basi mwambie mtu. Maneno mawili tu mezani: ile moto.

Na mkiila moto, mtaivuta kwa sauti. Huko Japani kuvuta tambi kwa sauti si aibu. Hewa inapoza tambi njiani na harufu ya supu inapanda puani. Bibi yangu angenipiga kofi la mgongo. Mwanzoni nilikuwa navuta kimyakimya kama mkwe aliyealikwa. Sasa hivi nimezoea, na wote mmenisikia.

Haya, leteni la dagaa. Asante dada.

Jamani, hili. Kama mnatazama video hii mpaka hapa, tazameni na hili.

Supu yake ni angavu, hudhurungi kidogo, haina uzito wa ile ya kuku. Imetoka kwa dagaa mchele, dagaa wetu hawahawa wa pwani wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kisha kuanikwa. Japani wana niboshi, samaki wadogo wanaochemshwa na kukaushwa vilevile, na kuna rameni zinazojengwa juu yao. Kwa hiyo hapa kijana hakulazimisha kitu. Anawatoa vichwa na matumbo ili uchungu upungue, anawalaza kwenye maji baridi usiku mzima, asubuhi anawapasha kwa moto mdogo, anachuja. Anaongeza uyoga mkavu. Hao wawili wakikutana, utamu wa supu unazidi jumla yao.

Wajapani wenyewe wangetumia kombu, mwani mpana wa bahari ya baridi. Ni kwenye kombu ndiko profesa Kikunae Ikeda mwaka 1908 alipoichambua ladha ya umami, ile tunayoisikia kwenye supu nzuri tukasema imekolea bila kujua imekolea nini. Mtu aliniuliza, si tuna mwani wetu, kina mama wanaulima huku pwani? Tunao, lakini ni wa aina nyingine kabisa. Ule unauzwa nje kutengenezea kitu cha kugandisha na kuzitia uzito bidhaa za viwandani. Ukiuchemsha kutafuta ladha ya kombu utapata ute.

Kwenye bakuli hili ndipo utatia pilipili. Wana chupa ya pilipili ya ndimu mezani, ya kutengeneza wenyewe. Kwenye supu ya kuku inakata ule unene, inaharibu. Kwenye dagaa, matone matatu, inafunguka. Wageni wengi wanaagiza kuku kwa sababu inapiga picha vizuri. Ninyi wenyeji agizeni dagaa, na mnaokoa elfu mbili.

Vya juu nitavipitia haraka. Paja la kuku limekunjwa, likafungwa, likaivishwa, mwisho likapitishwa kwenye mkaa. Harufu ya mkaa ndiyo jambo zuri kuliko yote kwenye bakuli la kuku. Choroko zilizochipua ni sawa. Karatasi nyeusi ya mwani imelowa kabla hujaigusa, sioni kazi yake. Yai limelazwa kwenye soya sosi, ute umeshikana na kiini bado laini, cha rangi ya chungwa. Mwanangu mdogo alilikataa, anasema bibi amemwambia yai bichi lina ugonjwa. Si bichi, lakini kwa watoto na wajawazito waambie walichemshe likaze, wanakubali bila kununa.

Huduma ni ya upole, ila saa mbili usiku kuendelea mpishi yuko peke yake na bakuli zinatoka mojamoja. Mkija wanne, wa kwanza atakuwa amemaliza wa nne hajaletewa. Wala msingojeane kwa adabu. Atakayeletewa ale.

Mwisho, nyie wa kuagiza kwa bodaboda. Mara ya kwanza nililetewa kila kitu kwenye chombo kimoja, kutoka Chumbageni mpaka Sahare. Nilipofungua palikuwa na uji. Waambieni watenge: supu peke yake, tambi mbichi peke yake, vya juu peke yake. Wanazo kontena, ni kuomba tu. Ukifika nyumbani, supu ichemke kwanza kabisa, bakuli lipashwe kwa maji ya moto, ndipo tambi uzichemshe dakika moja kwenye maji mengi, kausha maji, changanya. Na familia iwe imeshakaa. Jumatatu wanafunga, msije mkanitumia ujumbe mmesimama mlangoni.