Kuhamisha makontena ya OpenVZ kwenda Proxmox: uzoefu wangu

Paneli niliyokuwa nikisimamia nayo seva ndogo za wateja ilikuwa imechoka, na kilichokuwa chini yake kilichoka zaidi: OpenVZ 6, programu ya kugawa seva moja ya Linux kuwa makontena (seva ndogo zinazotumia kerneli moja, yaani kiini cha mfumo), yenye kerneli ya 2.6.32 iliyotokana na RHEL 6, Linux ya kampuni ya Red Hat. CentOS 6, toleo la bure linalotokana na RHEL 6, ilipoacha kupata masasisho Novemba 2020, hapakuwa na hoja ya kubaki. Nikahamia Proxmox VE, jukwaa la kuendesha makontena na mashine pepe.

Kabla ya yote, paneli siyo seva. Paneli ni daftari la bawabu, limeandika nani anakaa chumba gani, lakini wapangaji wenyewe wako kwingine: mafaili yao katika /vz/private, mipangilio yao katika /etc/vz/conf. Kwa hiyo kuhama ni kazi mbili, kuwahamisha wapangaji na kuandika daftari jipya. Watu huihofia ya kwanza, ila hatari kubwa imo katika ya pili. Ukibonyeza kitufe cha kufuta kwenye paneli ya zamani ili "kusafisha", haifuti jina tu, inafuta na diski. Na kama mfumo wa bili umefungwa kwenye paneli hiyo, unaweza kufanya hivyo wenyewe usiku mteja akichelewa kulipa. Mimi nilikata uhusiano wa bili na paneli kwanza, ndipo nikagusa kontena la kwanza.

Proxmox iliachana na OpenVZ tangu toleo la 4.0 mwaka 2015, ikaingia LXC, aina nyingine ya makontena ya Linux. Maana yake kontena halivuki lilivyo. Unalizima, unalifungasha kwa vzdump (zana ya kutengeneza nakala rudufu), unapeleka faili upande wa pili, unalinganisha sha256sum (alama inayoonyesha faili halijaharibika njiani), kisha pct restore, amri ya Proxmox ya makontena, inalifungua kama kontena la LXC. Inasikika kama usumbufu, lakini kwangu hapo ndipo Proxmox ilipopata alama zake zote. Kinachosafiri ni nakala. Kontena la zamani linabaki pale pale, zima, halijaguswa, na ukikwama unaliwasha tena. Unachotakiwa ni kuliwekea onboot no (lisijiwashe lenyewe), vinginevyo seva ya zamani ikijiwasha upya utakuwa na mashine mbili zinazogombea anwani moja ya IP.

Kama huna vzdump, tar, zana ya kufungasha mafaili, inatosha, mradi usisahau --numeric-owner, inayofuata namba za wamiliki badala ya majina. Ndani ya kontena la CentOS, mysql, mtumiaji wa hifadhidata, kwa kawaida ni namba 27. Tar ikifungua mafaili kwa kufuata majina, na seva mwenyeji ina mysql yenye namba nyingine, hifadhidata itafika ikiwa na mwenye tofauti na itagoma kuwaka. Pia usishtuke ukiona mafaili ya root yanamilikiwa na namba 100000 ukiyatazama kutoka nje. Namba za kontena lisilo na mamlaka ya juu husogezwa hivyo kwa makusudi.

Jaribio la awali ni la lazima, na lina mtego wake. Nakala ya majaribio ikiwaka, cron, inayoendesha kazi za ratiba, nayo inawaka. Inatuma ankara, inatuma vikumbusho, inavuta barua pepe, na mteja anapata kila kitu mara mbili. Bahati nzuri, kontena linalotoka OpenVZ hufunguliwa kwenye Proxmox bila kadi ya mtandao. Usikimbilie kuiweka. Ingia kwa pct enter, angalia huduma zimeamka, soma kumbukumbu za mfumo, zima cron, ndipo ufikirie mtandao.

Na mtandao ndiko nilikotumia muda mwingi. OpenVZ ilitumia venet, kadi pepe ya mtandao ambayo haina anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) ya kwake. LXC inatumia veth, kadi pepe nyingine, iliyounganishwa kwenye daraja la mtandao, kwa kawaida vmbr0, na kila kontena lina MAC yake. Kwa hiyo unapanga IP na geti upya kwa pct set. Ukimaliza, kontena linaweza kuonekana zima kabisa kwa nje ilhali ndani kila kitu kiko sawa, kwa sababu rauta bado inakumbuka MAC ya seva ya zamani. Amri ya arping -U kutoka ndani ya kontena inaitangazia rauta mwenyeji mpya. Wengine hukaa wakisubiri kumbukumbu hiyo ife yenyewe. Sioni sababu ya kumweka mteja gizani wakati dawa ni mstari mmoja.

Makontena ya CentOS 7 yana jambo lao. Tangu Proxmox 7 ya mwaka 2021, mfumo hutumia cgroup v2 (njia ya kerneli ya kugawia programu rasilimali) pekee kwa chaguo-msingi, na systemd, programu inayowasha huduma za Linux, iliyo chini ya toleo la 231 haiiwezi. CentOS 7 ina 219. Paneli ya Proxmox inaonyesha kontena linaendelea vizuri, ila ukifungua konsoli unakuta weusi mtupu, hakuna hata sehemu ya kuandika jina. Usitafute tatizo kwenye nakala. Ama upandishe toleo la mfumo ndani ya kontena kabla ya kuhama, ama uliweke kama mashine kamili ya KVM, yaani mashine pepe yenye kerneli yake.

Ninaipendekeza Proxmox, kwa sharti moja la wazi. Waliozoea vzmigrate --online, ambapo kontena lilihama kutoka seva moja hadi nyingine likiwa linafanya kazi, watapungukiwa: Proxmox huhamisha kontena kwa kulizima na kuliwasha upande wa pili. Huduma nyingi huvumilia hilo. Isiyovumilia naiweka KVM tangu siku ya kwanza, kwa sababu mashine za KVM bado zinahama zikiwa zimewaka.