Nina Tucker: Toleo la 2003 au la 2009? Nimerudia Yote Mawili

Jamani, habari zenu, karibuni. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu bado nina hasira. Jana nimerudia kisa cha Nina Tucker katika Fullmetal Alchemist, katuni ya Kijapani iliyotengenezwa mara mbili: maboksi mawili haya hapa mezani, la 2003 na la Brotherhood la 2009, na usingizi ulinipata saa tisa usiku nikimuwaza baba yake Nina. Kama hujaiona, simamisha video, kaangalie, kisha urudi. Nafichua kila kitu.

Studio ya Bones, sehemu 51 la 2003 na 64 la 2009, hayo mnayajua. Twende kwa huyo baba, Shou Tucker, moja kwa moja. Huyu ni mtaalamu wa kuunganisha viumbe kwa alkemia, na wahusika wakuu, ndugu Edward na Alphonse, wanapelekwa kwake wakasome vitabu vyake. Ana binti mdogo, Nina, na mbwa mkubwa, Alexander. Mke alishaondoka, ndivyo anavyosema yeye. Na tathmini ya serikali imekaribia: akishindwa, kibali chake cha kuwa mwanaalkemia wa serikali kinakwenda.

Sasa tazameni, naweka kipande cha 2009 bila sauti, hakimiliki hizi mnazijua. Tucker yuko kwenye chumba chenye giza, anamwonyesha Ed kiumbe kipya kinachozungumza. Kinarudia jina, "Edward... Edward...", kama mtoto anayejifunza kusoma. Halafu kinaongeza neno moja. Kaka.

Nasimamisha hapo. Mwangalieni Ed. Hapigi kelele, hata hamgeukii Tucker. Anauliza taratibu: kibali ulipata lini? Miaka miwili iliyopita. Na mkeo aliondoka lini? Miaka miwili iliyopita. La mwisho: Nina na Alexander wako wapi?

Hapo nimerudisha nyuma mara sita. Kwa maswali matatu tu unajua binti yuko wapi, kwamba kiumbe hiki ni Nina aliyeunganishwa na mbwa wake, na mama yake alikwenda wapi pia! Kile kiumbe cha kwanza kilichompa Tucker kibali, kilichosema kinataka kufa, kikagoma kula mpaka kikafa, alikuwa mkewe.

Na hilo neno. Manukuu ya Kiingereza yanalifanya lisikike zito, kama cheo. Nina anasema oniichan, na sisi tunalo lake kabisa: kaka. Mtoto wa kwetu akimkuta kijana mgeni sebuleni anamwita kaka, undugu uwepo usiwepo. Kwa hiyo mimi manukuu niliacha kuyasoma, nikawa namsikia mtoto.

Kuna watu wananiambia Bondrewd wa Made in Abyss, katuni nyingine ya Kijapani, ni mbaya zaidi kwa alichomfanyia Prushka, binti aliyemlea. Sawa, ile filamu ya 2020 nayo ilinitoa machozi. Lakini Bondrewd unamwogopa tangu anapoingia na kofia yake ya chuma. Tucker ana miwani, ana uchovu, anakufungulia maktaba yake. Mtoto anamkimbilia mikononi na wewe unafurahi. Ndiyo maana simsamehi.

Ila niseme ukweli, nilipanga kuwaambia mchukue la 2009 mfunge mjadala. Picha ni safi zaidi, na hadithi inafuata manga, yaani kitabu cha katuni, ya Hiromu Arakawa mpaka mwisho. Lakini humo Nina anakuja na kuondoka ndani ya sehemu moja, ya 4. La 2003 linampa ya 6 na ya 7, ndugu wanaishi pale nyumbani wakijiandaa na mtihani wa kibali hicho hicho, unamzoea mtoto kama wa jirani yako. Kadiri ninavyozungumza naona kwa kisa hiki la 2003 linashinda. Basi, nimebadili msimamo mbele yenu.

Bei: boksi la 2003 nimepata lililotumika, na usafirishaji ulikaribia bei ya boksi lenyewe. Kama pesa ni ya boksi moja tu, azima la 2009, nunua la 2003. Na kwa wanaouliza, kuanzia mwezi ujao video zinatoka Jumatano na Jumamosi, bonyezeni kengele.

Kabla sijazima, kipande kimoja tena. Ed ameshampiga Tucker, Al amemzuia. Al anapiga magoti mbele ya Nina, anamwomba radhi kwamba hawawezi kumrudisha alivyokuwa. Na yeye, kwa sauti ile ile iliyoharibika, anamwambia tucheze.

Jumamosi tunaanza na Hughes, yule afisa wa jeshi, na ile simu.