Pikapu ya kubebea kibanda cha kulala: tazama ekseli kwanza, rangi baadaye

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: ninunue pikapu gani ya kuwekea kibanda cha kulala? Wawili ni watu wa minada kama mimi, wamechoka kulipia gesti Magu na Lamadi huku roho iko nje kwenye mzigo. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, upande wa Sengerema nako kunaendeka, kwa hiyo usiku wa barabarani umeongezeka. Wa tatu anataka kupeleka watoto Serengeti kupitia lango la Ndabaka na kulala humohumo garini. Wote walianza na ulaji wa mafuta, kisha rangi. Hayo fundi yeyote wa Nyakato, hapa Mwanza, atakueleza bure, tena bila kuulizwa. Mimi nina kovu langu, nitaanza nalo.

Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa dabo kebini, yaani yenye viti vya nyuma (singo ina safu moja tu ya viti), namba D, milioni 36. Ya kampuni gani sisemi. Nilimpa fundi wa kuchomelea anitengenezee kibanda cha bomba za mraba na bati, urefu mita 2.1 ili mume wangu anyooshe miguu. Bodi, ile sehemu ya nyuma ya kupakilia mizigo, ilikuwa mita moja na nusu. Sentimita 60 zikabaki zinaning'inia nyuma, na hukohuko nyuma ndiko nilikoweka dumu kubwa la maji la lita 80, mtungi wa gesi na robota za vitenge, kwa sababu mlango ulikuwa upande huo na mimi sipendi kuinama.

Nilitamba nalo miezi saba. Asubuhi moja nafuta vumbi, nikapitisha kitambaa kwenye ule mwanya kati ya kebini na bodi. Chini, vidole viwili viliingia kwa kubanwa. Juu, kiganja kizima kikapita, na pete yake. Nikajua boliti za bodi zimelegea. Fundi akatandika boksi, akaingia uvunguni, akakaa kimya muda ambao si wa kawaida kwa fundi. Alipotoka akaniambia, "Mayu (mama, kwa Kisukuma), hili limevunjika mgongo." Chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa imepinda jirani na ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu, na upande wa kushoto palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutu imeshaanza kuuchora.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sikuzidisha uzito. Tulikwenda kupima kwenye mzani wa kiwanda cha pamba: kibanda kitupu kilo 430, na ukijumlisha maji, gesi, vitenge na sisi wawili ilikuja kama kilo 890. Gari la tani moja, mzigo chini ya tani moja, na bado mgongo ukavunjika. Tatizo halikuwa kilo ngapi. Lilikuwa kilo zimekaa wapi.

Mvuvi wa Kirumba hahitaji kuelezwa hili. Rundika dagaa wote tezi uone omo inavyonyanyuka. Kwenye gari hesabu ni hivi: kilo 100 zikikaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, ekseli inabeba 100. Zisogeze mita 1.2 nyuma yake, kwenye gari lenye mita 3.1 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ekseli ya nyuma inabeba karibu 139. Hizo 39 zimenyang'anywa magurudumu ya mbele. Ndiyo maana usukani wangu ulikuwa mwepesi, nami nikawa nausifia kwa majirani. Kisha kila shimo linapiga kile kipande cha chesesi kilichobaki nyuma kama mtu anayekunja waya: huku, kule, huku, kule, mpaka unakatika.

Kwa hiyo ukifika kwenye gari, kabla ya kuwasha injini, simama ubavuni. Tazama kitovu cha gurudumu la nyuma, kisha tazama bodi. Bodi iko mbele ya kitovu kiasi gani, na nyuma yake kiasi gani? Chukua Hilux za kuanzia 2015. Singo kebini na dabo kebini zina umbali uleule kati ya ekseli, mita 3.085. Gari halikurefushwa ili abiria wa nyuma wapate kiti, bodi ndiyo iliyokatwa. Singo ina bodi ya mita 2.3 hivi na kibanda kinakaa vizuri kuelekea kebini. Dabo ina mita moja na nusu na ushei, na sehemu kubwa ya kibanda kirefu inaishia nyuma ya ekseli. Uzuri wa kuwapakia mashangazi kwenda harusini naujua, lakini mashangazi na kibanda ni biashara mbili tofauti.

Namba moja kwangu ni Hilux singo kebini, ile ya kazi: sakafu ya raba, vioo vya kuzungusha kwa mkono, rimu za chuma. Ndiyo, napendelea, na sioni haya. Kila kiti cha ngozi na kila bampa ya kung'aa ni uzito ambao gari linaubeba kabla wewe hujapakia chochote, kwa hiyo ile ya kimaskini ndiyo inayokuachia kilo nyingi. Spea zake ukizikosa Mwanza mjini basi hujatoka nyumbani kutafuta. Ukipata ya dizeli lita 2.4 chukua. Ukipata ya zamani yenye injini ya 5L (hilo ni jina lake, si lita tano), isiyo na turbo, chukua pia, ila ukianza kupanda mlima na kibanda mgongoni utamaliza rozari nzima kabla ya kufika juu.

Namba mbili, Land Cruiser 79 singo, ile wanayoiita mkonga. Hapa kuna watu watanirushia mawe kwa kuiweka ya pili. Chesesi yake ni ya kazi kweli, ekseli ngumu mbele na nyuma, mita 3.18 kati yake, na ile injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita bila turbo, inatengenezeka chini ya mwembe. Lakini bei yake ni ya kuuza kiwanja, na nyingi za baada ya 2007 zina magurudumu ya nyuma yaliyobanana kuliko ya mbele, takriban sentimita 9. Kwenye lami hutajua. Kwenye udongo wa mbuga uliolowa, tairi za nyuma hazifuati njia iliyokanyagwa na za mbele, zinachimba ya kwake. Mwenye fedha na atanunue, nami nitampungia mkono.

Namba tatu, Isuzu D-Max singo yenye injini ya lita 3.0. Gari zuri, lina nguvu, na mwenye nalo huwa hanyamazi. Spea zinapatikana, ila si kila kona.

Dabo kebini ya kampuni yoyote naiweka mwisho, na ukilazimika, kibanda kisizidi urefu wa bodi, maji yakae ukutani kwa kebini. Kama ni Nissan Navara dabo ya kizazi kipya, chungulia nyuma kwanza: kuna matoleo yenye koili badala ya springi za pleti. Koili ni tamu kwa abiria, si kwa kibanda. Kirikuu, vile vipikapu vidogo vya Kijapani, je? Mizigo yake kisheria huko Japani ni kilo 350. Kibanda changu kitupu peke yake kilikuwa 430. Tuendelee.

Utaambiwa uongeze pleti za springi, au ufunge mifuko ya hewa juu ya ekseli, nyuma inyanyuke. Itanyanyuka kweli, na picha itapendeza. Lakini pleti haziongezi nguvu ya chesesi, na mfuko wa hewa unasukuma chesesi sehemu moja tu, palepale inapotaka kupindia.

Sasa madalali. Tangu niuze lile gari kwa bei ya kusikitisha (na nilimwonyesha mnunuzi ufa, nina watoto), nimezunguka yadi na vijiwe karibu vyote vya Mwanza. Kila gari "lilikuwa la mradi." Kila gari lilikuwa linaendeshwa na mzungu mzee aliyeogopa mashimo. Nikiuliza linabeba kiasi gani naambiwa, "Dada, hata tani tatu linapiga." Bei ninayotajiwa nikiwa peke yangu na anayotajiwa mume wangu saa moja baadaye zimepishana milioni mbili, gari lilelile. Na nimejifunza kuogopa chesesi iliyopakwa rangi nyeusi mbichi. Gari lina namba C, vumbi la miaka limejaa kwenye difu, halafu kipande cha futi mbili juu ya ekseli kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi! Kwaruza hapo kwa ufunguo. Mimi nilikwaruza moja Buzuruga, nikakuta mshono wa kuchomelea, na kijana akanikasirikia kwamba namharibia gari.

Basi fanya haya mawili tu. Vidole kwenye mwanya, chini na juu, pande zote mbili. Kisha omba picha za uvunguni kabla hujapanda daladala kwenda kuliona. Juzi nilimwomba dalali mmoja picha hizo za Hilux singo anayoisifia tangu Jumatatu. Amenitumia kumi na moja. Nane za nje, mbili za viti, moja ya redio ikiwa imewashwa.