TAHADHARI: Shoka "la Ujerumani" linalouzwa Malindi na Lamu

Jamani, kabla hujamtumia pesa yule jamaa wa mashoka kwenye magrupu ya WhatsApp, soma hapa kwanza. Jina sitaji, na namba keshabadilisha mara mbili. Utamjua kwa picha: shoka dogo la mkono mmoja, mpini mwekundu unang'aa, ala ya ngozi, na maneno "chuma cha Ujerumani, gramu 600". Bei 2,500, pesa mbele kwa M-Pesa, boda anakuletea mlangoni.

Nililitaka la kupunguzia matawi ya mikanju shambani kule Ganda na kuchanja kuni. Siku ya kwanza, pigo la nne, nikabaki na mpini mtupu mkononi. Shoka lilipita karibu na goti langu likaenda kutua kwenye mihogo. Dakika mbili nyuma mwanangu alikuwa amesimama upande ule ule, ananishikia tawi.

Nikaliangalia tundu la shoka, pale mpini unapoingia. Kabari, kile kipande kinachopigiliwa kichwani mwa mpini ili ukaze, hakuna! Mpini umechongwa mwembamba, nafasi ikazibwa kwa gundi na unga wa mbao, kisha rangi ikapitishwa juu. Ndiyo maana hana hata picha moja inayoonyesha shoka kwa juu. Nikaikwangua ile rangi kwa kisu: nyuzi za mti zimekwenda mshazari badala ya kufuata urefu wa mpini, na katikati pana fundo. Hata usingechomoka, ungevunjika.

Dukani kwenye mizani, bila mpini: gramu 430. Mhunzi naye akapitisha tupa kwenye makali, ikala chuma kama sabuni. Akaniambia chuma kilichochomwa moto kisha kikazimishwa sawasawa ili kiwe kigumu, tupa hukitelezea, haikiumi hivyo. Makali yenyewe yalikuwa yameshajikunja kwa kazi ya asubuhi moja.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu, "Mzee, shoka huloweshwa kwanza usiku kucha." Kulowesha kunasaidia kwa muda, mti unavimba na kukaza. Jua la Malindi likipiga, unanywea, unarudi pale pale, pengine kulegea zaidi. Nikamjibu hivyo, akanibloku. Watanzania fundi bandia humwita kishoka; basi mimi nimeuziwa kishoka na kishoka.

Wiki hii nimeziona picha zile zile kwa namba nyingine, sasa anawaambia watu wa Lamu mzigo utapanda basi hadi Mokowe kisha uvuke kwa boti. Ukishavuka, nani atakurudishia? Mwambieni atume picha ya tundu kwa juu, kabari ionekane, na mpini usiopakwa rangi. Akianza hadithi, achaneni naye.

Mimi nimefuliwa jingine la springi ya gari, nikalitilia mpini wa mpera, jumla 1,200. Tawi nalilaza juu ya gogo, napiga nimepiga magoti, ili pigo likikosa liishie ardhini na si kwenye muundi. Mtoto hakai tena mbele yangu wala nyuma, hata kwa shoka zuri.

Ujumbe wa M-Pesa na picha zote ninazo. Uliyeuziwa kama mimi, niandikie faragha twende polisi pamoja, maana mmoja mmoja tutaambiwa ni 2,500 tu.