Kicherehani cha plastiki na pindo la jinzi: uzoefu wangu

Boksi lake lina picha ya jinzi. Naanza na hapo ili tusipotezeane muda. Siyo picha ya leso wala ya kitambaa cha meza. Ni jinzi ya buluu iliyokolea, imelazwa chini ya sindano, na mdada pembeni anacheka kama kaokota hela. Kwa hiyo mtu akinunua kile kicherehani cha umeme cha mezani, cheupe chenye zambarau, ambacho siku hizi kimejaa Kariakoo kama maandazi, halafu akakiwekea jinzi, hajafanya kituko. Kafuata boksi.

Mimi nilikitaka kwa kazi moja tu, kubadilisha nguo za mtumba hapa nyumbani: kufupisha, kubana, kugeuza kola, kukata mikono. Ukienda soko la Karume asubuhi utakuta jinzi za pamba tupu, nzito, hazina lastiki hata chembe, zimetupwa pembeni ya meza kwa bei ya kutupa kwa sababu tu zilishonwa kwa ajili ya mtu mrefu kama mlingoti. Anayejua kupinda anaokota. Na kupinda siyo kazi ya ajabu, ni mshono mmoja wa kuzunguka mguu. Niliamini kitu chenye picha ya jinzi kitaweza mshono mmoja wa kuzunguka mguu.

Kilizunguka robo tatu. Pindo la kawaida la jinzi ni tabaka tatu za kitambaa, na hapo kilipita bila shida, hata nikaanza kukisifia moyoni. Shida ni mshono wa ndani ya mguu, ule uliolalana, wenye mistari miwili ya uzi wa rangi ya chungwa. Mshono ule peke yake ni tabaka nne. Ukiukunja mara mbili kutengeneza pindo, unazidisha kwa tatu: tabaka 12 mahali pamoja, pana kama kidole gumba. Kicherehani kilipofika pale kikapanda kama baiskeli kwenye tuta. Mguu wake, kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, ukainua pua juu, meno ya chini yakakosa kitambaa cha kushika, sindano ikawa inadonoa tundu lilelile kama kuku. Huku chini uzi ukajifunga fundo. Nikakanyaga pedeli zaidi (kosa langu, nalikubali, ni moja tu), kikatoa mlio "ta!", na kuanzia hapo mota ikawa inazunguka na kulia vizuri kabisa ila sindano haitikisiki.

Nilikirudisha dukani siku chache baadaye, jinzi ikiwa bado imeng'ang'ania ndani yake. Kijana hakuinuka hata kwenye kiti. Akaangalia jinzi, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, hiki ni cha kushonea nguo, siyo magunia." Halafu akanyoosha kidole ukutani kwenye karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamgeuzia boksi, nikamwonyesha ile jinzi. "Hiyo picha tu," akasema.

Hiyo picha tu! Basi wangepiga picha ya ndege, tujue moja.

Nilipofika nyumbani nikafungua skrubu za chini. Ndani kuna mota ndogo, ya ukubwa wa zile za magari ya watoto, na ncha yake imevalishwa kigurudumu cha meno cha plastiki kinachozungusha vingine. Kigurudumu kile kilikuwa kimepasuka ufa mmoja tu, mwembamba kama unywele, basi kikawa kinateleza kwenye chuma cha mota. Ndiyo maana mota inalia na sindano imelala. Sindano ikikwama, nguvu yote ya mota inaishia mahali palipo dhaifu kuliko pote, na hapa palipo dhaifu ni plastiki ya bei ya pipi. Kwenye cherehani cha kukanyaga, Butterfly au Singer ile nyeusi, gia ni za chuma, na ukikwama kinachoteleza ni mkanda wa ngozi, ambao haupasuki. Unaachia mguu, unarudisha gurudumu nyuma, unaendelea. Nchi hii tuliwahi kuambiwa vyerehani vinne tayari ni kiwanda. Vinne vya hivi ni kelele tu.

Sasa sikiliza kinachoniuma zaidi. Kigurudumu kile kilibandikwa gundi kali na fundi wa redio jirani, ikakaushwa usiku kucha, kikashika. Nikarudia jinzi ileile, safari hii sikugusa pedeli. Niliizungusha kwa mkono, kwa lile gurudumu la pembeni, tundu moja moja. Ikapita! Tabaka zote 12. Ina maana sindano inaweza, mguu unaweza, bobini ya uzi wa chini inaweza. Kilichopungua ni mota yenye nguvu zaidi kidogo na mtu mmoja wa kuandika kwenye boksi, "ukifika kwenye mshono mnene, zungusha kwa mkono." Sentensi moja. Kikaratasi cha maelezo kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, na maneno hayo hayamo kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo nayaandika mimi. Kama unacho tayari, au umeshaahidiwa zawadi na huwezi kukataa, jinzi ipitishe hivi.

Toa sindano iliyokuja nacho. Ni nyembamba mno, ikikutana na mshono mnene inapinda kidogo, inapishana na ndoano ya chini inayonasa uzi, ndipo unaruka tundu au inavunjika. Weka namba 16 yenye shina lenye upande bapa, inayouzwa kwa ajili ya vyerehani vya nyumbani. Za vyerehani vya kiwandani zina shina la mviringo, hazikai sawasawa. Isukume juu hadi igome ndipo ukaze skrubu. Uzi mnene wa jinzi usihangaike nao, kikaza uzi chake hakiuwezi. Chukua nyuzi mbili za kawaida kutoka vibiringo viwili, pitisha zote kwenye tundu moja la sindano, chini acha uzi mmoja. Kwa mbali hakuna atakayejua. Na unapotunga uzi, mguu uwe juu. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi haukai kati ya visahani vya kuukaza, na hilo ndilo linaloleta mafundo ya chini ambayo kila mtu anaisingizia bobini.

Kabla hujapinda, osha jinzi na uikaushe, maana pamba ambayo haijaoshwa maji ya moto kwa muda inaweza kunywea sentimita nzima ikakuachia vifundo vya miguu nje. Mshono mnene uweke juu ya sakafu ya saruji, funika na kitambaa, upige nyundo mara sita saba. Usicheke. Nyuzi zinalala, unene unapungua unaona kwa macho. Ukishafika pale, simamisha sindano ikiwa chini ndani ya kitambaa, inua mguu, kunja kipande cha boksi gumu hadi kiwe na kimo cha ule mshono, kiingize chini ya mguu kwa nyuma. Shusha mguu. Sasa umelala sawa badala ya kuinua pua, na meno yanashika. Zungusha kwa mkono hadi uvuke, toa kipande.

Au kwepa kabisa. Mimi siku hizi nakwepa, na matokeo ni mazuri kuliko kupinda upya, kwa sababu pindo la zamani lenye ule uchakavu mweupe linabaki. Tuseme unataka kupunguza sentimita 6. Kunja mguu wa suruali kwa nje, halafu pima kutoka ukingo wa juu wa pindo la zamani hadi kwenye mkunjo: iwe sentimita 3, nusu ya unachopunguza, pindo lenyewe usilihesabu. Bana na pini. Shona mstari ukilisugua lile pindo la zamani, pembeni yake kabisa bila kulipanda. Hapo tabaka za kawaida ni mbili tu, na kwenye mshono wa ndani ni nane badala ya 12. Ukimaliza, kata kinachozidi ndani ubakize sentimita moja na nusu, kizungushie ovaloki kwa fundi wa mtaani, geuza, piga pasi ya moto na kitambaa kibichi juu. Kwa kazi hii kicherehani kilipita hata kwa mota. Polepole, kikilalamika, lakini kilipita.

Na hapa lazima niseme ukweli ambao kijana yule hastahili kuusikia: kwa mashati, kitu hiki ni kitamu. Shati la kiume la pamba, saizi ile ambayo hapa hakuna wa kuivaa, ndilo kitambaa cha bei rahisi kuliko vyote sokoni. Unapata mgongo mzima bila mshono, vifungo vimeshapangwa, matundu yameshatobolewa. Niligeuza nacho kola iliyokwisha. Kola ya shati la mtumba hufa mahali pamoja, kwenye mkunjo unaogusa shingo, ila upande wake wa chini unakuwa mpya kabisa kwa sababu haukuwahi kuona jua. Fumua kwa wembe mshono unaoishikilia kola kwenye kiti chake (ule ukanda unaozunguka shingo), mshono huo tu, usiguse unaounganisha kiti na shati. Kabla ya kuichomoa, weka alama ya chaki katikati ya kola na katikati ya kiti. Itoe, safisha vipande vya uzi, igeuze chini juu, irudishe alama ikutane na alama. Bana na pini kuanzia katikati kwenda pembeni, kamwe usianzie pembeni maana utafika upande wa pili umebakiwa na milimita tano usizojua pa kuzipeleka. Shona juu ya matundu ya zamani. Ukiona kola hairudi vizuri, iache nje, funga kiti peke yake, umepata shati la kola ya kusimama.

Kicherehani kilishona hiyo kazi nyuzi zimenyooka kama zimepigwa rula. Kimya, meza haitikisiki. Nilikuwa nimeshakipa nyota moja kichwani, nikaipandisha hadi tatu.

Halafu nikajaribu fulana. Rudi kwenye moja na nusu. Hakina zigizaga, ni mstari mnyoofu tu, na mshono mnyoofu kwenye kitambaa kinachovutika unakatika mara ya kwanza mtu anapopitisha kichwa. Ukiivuta kidogo kwa mikono wakati inapita ili uzi upate nafasi, inasaidia ubavuni, shingoni haisaidii. Na mapazia mazito ya mtumba, yale ya kufanyia mikoba, yanakipeleka kulekule kwenye "ta!". Aina ya kitambaa usiiamini kwa macho, chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba, endelea. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni poliesta, na poliesta iliyofumwa kwa kubana inaifanya sindano butu ilie na kuruka matundu. Badilisha sindano kila baada ya nguo nne tano. Bei yake ni ndogo kuliko hasira.

Ushauri wangu ulikuwa uwe mfupi: msinunue. Ongezeni hela, tafuteni cherehani cha chuma cha kukanyaga kilichotumika, mafundi wanaviuza wakihamia vya umeme, mkiweke sebuleni na kelele zake. Bado nasema hivyo kwa mtu wa jinzi. Kwa mtu wa mashati, mashuka na magauni mepesi, anayekaa chumba kimoja asiye na pa kuweka meza ya chuma... sijui. Pengine kinunue. Duka lolote lingine, lakini siyo kwa yule kijana, na kabla hujatoa hela mwambie akushonee palepale tabaka nane za jinzi unazokwenda nazo mkononi. Atakuambia hiyo ni picha tu. Mwachie.

Nimebakiwa na mguu mmoja wa ile jinzi ya kwanza. Gundi ya fundi wa redio bado imeshika. Nauzungusha kwa mkono.